Adrenalini ndiyo ya kwanza

Uliza katika zahanati zetu mgonjwa aliyevimba midomo na kubanwa pumzi dakika chache baada ya kuchomwa sindano ya antibiotiki anapewa nini, na mara nyingi jibu litakuja bila kusita: hidrokotizoni na Piriton. Mwingine ataongeza promethazini. Adrenalini hutajwa mwishoni, kama dawa ya kuogopwa ambayo haifunguliwi mpaka daktari afike. Mpangilio huo umepinduka. Katika mzio mkali unaotishia uhai, ule ambao wataalamu huuita anafilaksia, dawa ya kwanza ni adrenalini, inachomwa kwenye misuli ya paja, na anayepaswa kuichoma ni yule aliyesimama karibu na mgonjwa muda huo huo. Hizo nyingine zinaweza kusubiri, na baadhi yake hazina haja kabisa.

Sababu ya haraka hiyo ni saa. Richard Pumphrey, daktari wa kinga ya mwili wa Manchester, alichambua vifo vya mzio vilivyotokea Uingereza kuanzia 1992 na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Alipima muda uliopita tangu mtu akutane na kilichomdhuru hadi moyo au pumzi kusimama. Muda wa kati ulikuwa dakika 5 kwa dawa zilizotolewa na wahudumu wa afya, dakika 15 kwa waliodungwa na wadudu, na dakika 30 kwa chakula. Sasa linganisha na dawa zetu za mazoea. Piriton na ndugu zake huhitaji nusu saa au zaidi kufanya kazi, na hata zikishafanya kazi hutuliza muwasho na vipele tu. Hazifungui koo wala hazipandishi presha. Hidrokotizoni, ambayo ni steroidi, huhitaji saa kadhaa. Mgonjwa wa dakika 5 hana saa kadhaa.

Kinachotokea mwilini kinaeleza kwa nini adrenalini inatosha pale nyingine zinaposhindwa. Mtu mwenye mzio amewahi kukutana na kitu hicho, na mwili wake ukatengeneza kingamwili za aina ya IgE ambazo hukaa juu ya seli za masti, seli zilizojaa vifuko vya histamini na kemikali nyingine, zikiwa zimetapakaa kwenye ngozi, njia za hewa, tumbo na kando ya mishipa ya damu. Kitu kile kikirudi, kinanasa kwenye kingamwili hizo na vifuko vinapasuka kwa mkupuo. Ndiyo maana mara ya kwanza mtu anaweza kula au kudungwa bila neno, na mara ya pili akaanguka. Wanasayansi wa Ufaransa Charles Richet na Paul Portier waliliona hilo kwa mbwa waliowapa sumu ya viumbe wa baharini: kipimo kidogo cha mara ya pili, ambacho kingepaswa kuwa si kitu, kiliua. Walilitangaza mwaka 1902, na Richet akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Vifuko vikipasuka, mishipa midogo ya damu hulegea na kuvuja kama mpira wa bustani uliotobolewatobolewa. Sehemu ya maji ya damu inayotoroka kwenda kwenye nyama inaweza kufika theluthi moja ndani ya dakika 10. Koo linavimba, mirija ya mapafu inajikunja, moyo unapiga mbio ukiwa hauna cha kusukuma. Adrenalini hukaza mishipa, huongeza nguvu ya moyo, hufungua mirija ya hewa, na huzituliza zile seli za masti zenyewe zisiendelee kumwaga. Hakuna dawa nyingine kwenye trei inayofanya yote manne.

Kuitambua hali hii kwenye ngozi yetu kuna mtego wake. Maelezo mengi yanasema tafuta wekundu, na wekundu kwenye ngozi nyeusi hauonekani kirahisi. Tumia kiganja: pitisha mkono juu ya kifua, mgongo na ndani ya mapaja, utahisi mabaka yaliyoinuka hata kama huyaoni. Mulika tochi kutoka ubavuni badala ya mbele, vivuli vitayaonyesha. Angalia kope, midomo, ulimi na masikio kama vimevimba. Uliza kuhusu muwasho wa viganja, nyayo na ngozi ya kichwa, kwa sababu mara nyingi huko ndiko unakoanzia. Kisha kumbuka kwamba katika mgonjwa mmoja au wawili kati ya kila 10 ngozi haionyeshi chochote. Mtu aliyechomwa antibiotiki ya ceftriaxone, dakika 3 baadaye presha yake ikashuka na akalegea, huyo ana anafilaksia mpaka ithibitike vinginevyo, awe na vipele au asiwe navyo.

Dalili nyingine za kushtukia ni sauti kukwaruza, kikohozi cha ghafla, mluzi kifuani, mate kumshinda kumeza, kutapika mfululizo, kuharisha, kizunguzungu. Wengi husema waziwazi kwamba wanahisi wanakufa. Waamini. Mtoto mdogo hawezi kusema. Yeye hulia, hutapika, kisha ananyamaza na kulegea, na kunyamaza huko wengine hukudhania ni kutulia.

Hali inayochanganywa nayo zaidi chumba cha sindano ni kuzimia kwa woga. Aliyezimia kwa woga ana jasho la baridi, mapigo yake ni ya polepole, hawashwi, na akilazwa huzinduka ndani ya dakika moja au mbili. Mwenye anafilaksia mapigo yake huwa ya kasi na dhaifu, na kulazwa peke yake hakumrudishi. Ukibaki na shaka, choma. Kumchoma adrenalini mtu aliyezimia tu kutamtetemesha kidogo. Kutomchoma mwenye mzio mkali kunaweza kumaliza maisha yake.

Tuje kwenye ampuli yenyewe. Tuliyonayo ni ya ml 1 yenye mg 1, ambayo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na za zamani zimeandikwa 1:1000. Kipimo ni mg 0.01 kwa kila kilo ya uzito, maana yake ml 0.01 kwa kilo, na hakizidi ml 0.5 hata mgonjwa awe na kilo 120. Mtoto wa kilo 20 anapata ml 0.2. Kama hakuna mizani, na katika dharura hakuna anayetafuta mizani, tumia umri: mtoto wa chini ya miezi 6 ml 0.1 hadi 0.15, kuanzia miezi 6 hadi miaka 6 ml 0.15, miaka 6 hadi 12 ml 0.3, zaidi ya miaka 12 na watu wazima ml 0.5. Viwango vya umri huzidi kidogo vile vya uzito kwa watoto wadogo, na ziada hiyo haina madhara ya kutisha.

Mahali ni katikati ya paja, upande wa nje. Si begani, si takoni, si chini ya ngozi. Utafiti uliofanywa Kanada kwa watoto na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba adrenalini iliyochomwa kwenye misuli ya paja ilifika kilele chake katika damu kwa wastani wa dakika 8, na iliyochomwa chini ya ngozi ya mkono dakika 34. Sindano ya rangi ya buluu, geji 23, yenye urefu wa mm 25, inatosha kwa wengi. Mtu mnene sana anahitaji ndefu zaidi. Ingiza wima, moja kwa moja. Kanga, kitenge au suruali ya kawaida haikuzuii, pitisha juu yake. Angalia tu mfukoni kusiwe na simu au funguo.

Bomba la sindano nalo lina makosa yake. Bomba la ml 5 lina mistari ya ml 0.2 kila mmoja, kwa hiyo ml 0.15 ya mtoto huwezi kuisoma pale, utakisia. Bomba la insulini linavutia kwa wembamba wake, lakini sindano yake ya milimita chache huishia kwenye mafuta, na mistari yake ni ya yuniti, si ya mililita, jambo linalochanganya kichwa kilichoshikwa na hofu. Linalofaa ni la ml 1, na likikosekana la ml 2. Lile la chanjo linalojifunga lenyewe, la ml 0.5, lina kipimo kamili cha mtu mzima na sindano yake kwa kawaida ina urefu unaotakiwa. Kwa mtoto halifai, kwa sababu limetengenezwa kutoa ml 0.5 na si pungufu.

Kosa kubwa kuliko yote ni njia. Hadithi nyingi za "adrenalini ilimuua" ukizifuatilia utakuta mtu alisukuma ampuli nzima moja kwa moja mshipani kwa mgonjwa ambaye moyo wake ulikuwa unapiga. Milligramu nzima mshipani ni kipimo cha moyo uliosimama. Kwa mwenye mapigo, huweza kuuvuruga mwendo wa moyo, kupandisha presha kupita kiasi, hata kupasua mshipa wa ubongo. Kwenye misuli, ml 0.5 huleta mtetemo, moyo kwenda mbio, kichwa kuuma na weupe wa midomo, mambo yanayopita ndani ya muda mfupi. Uzee, presha ya kupanda, kisukari, ujauzito: hakuna hata kimoja kinachokataza sindano ya paja mtu akiwa anakufa kwa mzio. Mama mjamzito hasa, kwa kuwa presha yake ikishuka mtoto tumboni ndiye anayekosa hewa wa kwanza.

Andika saa uliyochoma kwenye plasta na uibandike kifuani pa mgonjwa. Utashangaa jinsi dakika zinavyopotea watu wakipiga kelele. Zikipita 5 bila nafuu, rudia kipimo kile kile kwenye paja la pili. Zikipita 5 nyingine bila nafuu baada ya sindano ya pili, huyo anahitaji dripu ya haraka, oksijeni na watu wenye ujuzi wa kumwekea adrenalini kwa dripu huku mashine ikisoma moyo. Wakati wa kuwatafuta, sindano za paja zinaendelea kila dakika 5.

Dripu ni maji ya chumvi ya asilimia 0.9 au ya Ringa: ml 500 hadi 1,000 kwa mtu mzima, zikimiminwa haraka kwa kubana mfuko, ml 10 kwa kila kilo kwa mtoto, na kurudia ikibidi. Dextrose ya asilimia 5 usiiguse kwa kazi hii, haikai ndani ya mishipa. Kama kifua bado kina mluzi baada ya adrenalini, salbutamoli, dawa ya kufungua mirija ya hewa, inasaidia, kwa kuongezea na si kwa kubadilisha. Mgonjwa anayemeza dawa za presha na moyo kama atenololi au propranololi anaweza kuwa mgumu kuitikia adrenalini. Dawa ya kumkwamua ni glukagoni, ambayo si rahisi kuipata kwenye vituo vidogo, kwa hiyo yeye asafirishwe mapema.

Jambo linalosahaulika kuliko hata dawa ni mkao. Alazwe chali, miguu iinuliwe juu ya kiti au begi. Akishindwa kupumua akiwa amelala, aketi huku miguu imenyooshwa mbele. Mjamzito alale ubavu wa kushoto. Asisimame, asitembezwe kwenda chooni, asikalishwe ghafla eti apate upepo. Damu kidogo iliyobaki hushuka miguuni, moyo unabaki mtupu, na mtu hufa ndani ya sekunde chache za kuinuliwa. Pumphrey huyo huyo alilieleza mwaka 2003 kutokana na vifo vilivyotokea nje ya hospitali. Hapo ndipo bodaboda inapokuwa hatari. Kumkalisha mgonjwa mwenye presha iliyoshuka katikati ya watu wawili kwenye pikipiki ni kumweka katika mkao mbaya kuliko yote. Kama hakuna gari, subiri dakika 5 za sindano ya pili, kisha tafuta chombo ambacho atalala, hata kiti cha nyuma cha bajaji miguu ikiwa imepandishwa. Ampuli na mabomba yaende naye.

Mwaka 2021 Baraza la Uhuishaji la Uingereza (Resuscitation Council UK) liliziondoa dawa za kuzuia histamini, yaani Piriton na ndugu zake, katika matibabu ya awali ya anafilaksia, na kusema hidrokotizoni isitolewe kwa mazoea. Si kwamba ni sumu. Shida ni kwamba zinakula muda, na humpa muuguzi hisia kwamba tayari amefanya jambo. Promethazini ya mshipani ni mbaya zaidi, huleta usingizi na kushusha presha kwa mtu ambaye presha yake imeshaanguka. Mwenye pumu iliyoshikana na mzio anaweza kupewa steroidi kwa ajili ya pumu, baadaye, akishatulia.

Ushahidi ninaoupenda zaidi katika jambo hili unatoka Sri Lanka, kwenye dawa ya sumu ya nyoka. Dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya farasi, na mwili wa binadamu mara nyingi huikataa kwa vishindo. Watafiti waligawa wagonjwa zaidi ya 1,000 wa kuumwa na nyoka, wengine wakipewa adrenalini ndogo ya ml 0.25 chini ya ngozi kabla ya dawa, wengine hidrokotizoni, wengine promethazini, wengine mchanganyiko. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Adrenalini ilipunguza mikurupuko mikali kwa asilimia 43 katika saa ya kwanza. Hidrokotizoni na promethazini hazikupunguza kitu. Popote nyoka wanapouma watu, huku kwetu pia, somo ni la moja kwa moja: adrenalini ivutwe kwenye bomba kabla dripu ya dawa ya nyoka haijafunguliwa. Lile jaribio la kuweka tone chini ya ngozi kwanza halitabiri lolote, linachelewesha tu.

Vinavyochokoza mzio huu kwetu havilingani na orodha za Ulaya. Dawa za sindano ziko juu: penisilini, ceftriaxone, diklofenaki. Nyuki wetu wa Kiafrika hushambulia kwa kundi, na hapo kuna mambo mawili tofauti: mtu mmoja hufa kwa mdungo mmoja kwa sababu ya mzio, mwingine huumwa kwa mamia na kudhurika kwa sumu yenyewe bila mzio wowote. Mwiba ung'olewe mara moja kwa ukucha, kwa kisu, kwa chochote. Ndani ya nusu dakika mfuko wa sumu unakuwa umeshamwaga karibu wote.

Kwenye chakula, karanga hujificha. Ziko ndani ya unga wa lishe uliochanganywa na soya, kwenye kisamvu, kwenye mchuzi, kwenye kashata. Mzazi anayeambiwa "asile karanga" bila kuambiwa habari ya uji wa lishe hajaambiwa kitu. Anayedhurika na kamba au kaa awe mwangalifu na senene na kumbikumbi, kwa kuwa protini inayoleta shida kwenye kamba ina ndugu yake kwa wadudu. Na pwani kuna kitu kinachojifanya mzio: jodari, nguru au vibua waliokaa juani. Bakteria huzalisha histamini ndani ya nyama, na kupika hakuiondoi. Watu watatu waliokula sahani moja wakiwaka uso na kuumwa kichwa pamoja, hiyo ni sumu ya samaki, wala hawajapata mzio wa samaki wa maisha. Hapo Piriton inafanya kazi yake vizuri.

Kuna mzio wa dawa ambao adrenalini haiugusi, usichanganywe. Septrin, nevirapini na kabamazepini huweza kuleta upele baada ya siku au wiki, kisha homa, vidonda mdomoni na machoni, na ngozi kubabuka. Hapo kazi ni kuacha dawa siku hiyo hiyo na kwenda hospitali.

Kwa familia yenye mtu aliyewahi kuanguka, kalamu za adrenalini zinazojichoma zenyewe ni adimu na ghali huku kwetu. Ampuli na bomba ni mbadala halali, ila si rahisi kama unavyodhani. Kanada walipowajaribu wazazi kuvuta adrenalini kutoka kwenye ampuli, wastani wao ulikuwa zaidi ya dakika 2, na vipimo walivyovuta vilipishana mno. Kwa hiyo mfanye mazoezi kwa ampuli za maji ya sindano mpaka mkono uzoee, na muuguzi achore mstari wa kipimo kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye bomba lenyewe. Sanduku moja: ampuli 3, mabomba 3 ya ml 1, sindano 6 za geji 23, kitambaa cha kuvunjia shingo ya ampuli, kadi yenye kipimo cha ml. Likae chini ya nyuzi 25, gizani. Kabati la ndani ni bora kuliko dashibodi ya gari. Dawa ikigeuka rangi ya waridi au kahawia, imekufa, itupwe.

Aliyepona asiruhusiwe kuondoka baada ya saa moja kwa kuwa amechangamka. Mzio unaweza kurudi bila kukutana tena na kilichouleta. Saa 6 ni za chini. Waliohitaji sindano 2, wenye pumu kali, waliokuja usiku na wanaokaa mbali na kituo wabaki saa 12. Kabla hajatoka, andika kwenye kadi yake. "Mzio wa dawa" hausaidii mtu. Miaka 10 baadaye atanyimwa kila antibiotiki, na wengi wa wanaojiita na mzio wa penisilini, karibu 9 kati ya 10, wakipimwa hukutwa hawana. Andika hivi: ceftriaxone gramu 1 mshipani, saa 4:10 asubuhi, saa 4:13 midomo kuvimba, mluzi kifuani, presha 70/40, adrenalini ml 0.5 paja la kulia saa 4:14, la kushoto saa 4:19. Nafuu saa 4:24.